Buha mezani: Ramani ya vita vya 1916 inavyogoma kuenea kwenye karatasi

Umbali kutoka Kibondo hadi Kasulu, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilometa 130, lakini kwa mtu anayetaka kuutandaza mezani, umbali huo ni mzito kuliko unavyosikika. Katika ramani za kitaifa zenye skeli ya 1:50,000, yaani zile ambazo sentimeta moja ya karatasi inasimamia nusu kilometa ya ardhi, kila karatasi inachukua dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, na upande wake mmoja una sentimeta zipatazo 55.

Ili miji hiyo miwili na nyanda za juu zinazoizunguka zionekane kwa pamoja, zinahitajika karatasi 15, yaani safu tano zenye karatasi tatu tatu, ambazo zikigundishwa zinafanya ramani ya mita 2.8 kwa mita 1.7. Hakuna meza ya kawaida ya kulia chakula inayoibeba ramani hiyo, na hapo Kigoma, Gitega na Tabora bado hazijaguswa.

Tatizo hilo ndilo linalomkabili kwanza yeyote anayekusudia kuchapa ramani ya mchezo wa mkakati kuhusu vita vilivyopita katika nyanda hizi mwaka 1916. Mchezo wa vita wa mezani huchezwa na watu wawili au zaidi wanaosogeza kete zinazosimamia vikosi juu ya ramani ya mahali halisi, kwa kanuni zinazoamua kila kikosi kiende umbali gani, kile nini na kipigane vipi. Ubao wa bao ni uleule Unguja na Lamu, ilhali ubao wa mchezo huu ni nchi yenyewe, na ramani ikikosewa, mchezo mzima umekosewa.

Swali la ukubwa wa karatasi, kwa hiyo, si la mapambo. Skeli inayochaguliwa ndiyo inayoamua ni nani ataonekana katika historia inayochezwa na ni nani atamezwa na wino.

Jeshi lililokwenda kwa miguu

Mwezi Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliyojulikana kama Force Publique, chini ya uongozi wa Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani yakiwa na askari zaidi ya 10,000 waliogawanywa katika brigedi mbili. Ile ya kaskazini iliongozwa na Philippe Molitor, na ile ya kusini na Frederik-Valdemar Olsen, Mdenmark aliyekuwa katika utumishi wa Wabelgiji. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei, Gitega tarehe 17 Juni, Kigoma tarehe 28 Julai na Tabora tarehe 19 Septemba.

Siku mbili kabla ya Kigoma kuanguka, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen, ambayo iliopolewa mwaka 1924 na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kisa cha meli hiyo kimeandikwa mno, pengine kwa sababu kinasimulika upesi. Safari ya brigedi ya Olsen kuvuka Buha, yaani nchi hii ya Kibondo na Kasulu, haisimuliki upesi, na ndiyo inayompa mtunzi wa mchezo kazi ya kweli.

Kutoka Gitega hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 165, na baina ya kutwaliwa kwa mji mmoja na mwingine zilipita siku 41. Wastani wake ni kilometa nne tu kwa siku, ingawa msafara wa wapagazi uliokuwa na chakula na njia kavu uliweza kwenda kilometa 15 hadi 20 kwa siku. Pengo hilo baina ya nne na kumi na tano halielezwi na risasi peke yake, kwa kuwa majeshi ya Kijerumani ya upande huo yalikuwa machache na kwa sehemu kubwa yalikuwa yakirudi nyuma kuelekea reli inayopita Tabora hadi Kigoma.

Maelezo yake yamo katika mzigo. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hadi 30, na akipewa posho ya kilo moja ya unga kwa siku, basi mpagazi aliyejitwisha kilo 30 za unga, akatembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekwisha kula thuluthi mbili za alichobeba, na anayefika jeshini ni mzigo wa kilo kumi tu. Jeshi likisogea siku tano zaidi mbele, mpagazi huyo hafikishi chochote.

*Mpagazi anayetembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi anakula thuluthi mbili za mzigo wake.*

Kwa vita vyote vya upande wa Wabelgiji hutajwa wapagazi 260,000, baadhi yao wa kuajiriwa na wengi wa kushurutishwa. Kwa upande wa Waingereza, walioandikishwa katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja, na hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 40,000, huku wanahistoria wengi wakiamini kuwa vifo halisi vilikaribia laki moja, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Sentimeta moja ni kilometa ngapi?

Uwanja mzima wa kampeni hiyo, kuanzia kaskazini kidogo ya Kigali hadi kusini ya Tabora, na kuanzia Ziwa Kivu hadi mashariki kidogo ya Tabora, una upana wa kilometa zipatazo 465 na urefu wa kilometa 445. Ukichapwa kwa skeli ya 1:300,000, ramani inakuwa na mita 1.55 kwa mita 1.48. Kwa 1:500,000 inakuwa na sentimeta 93 kwa 89, na kwa 1:1,000,000 inabaki na sentimeta 47 kwa 45, ukubwa ambao mtoto wa shule anaweza kuukunja na kuutia mfukoni.

Wanaopendelea skeli ndogo, yaani ile ya 1:1,000,000, wana hoja nzito. Ramani ndogo ni rahisi kuchapa na kusafirisha, inawawezesha wachezaji kuuona uwanja wote bila kusimama, na inaumaliza mchezo kwa jioni moja. Wanauliza, na swali lao si la kupuuzwa, ni nani atakayecheza mchezo unaohitaji ukumbi.

Lakini katika skeli hiyo Kibondo na Kasulu zinaachana kwa sentimeta 13. Mwendo wa siku nzima wa msafara ni sentimeta mbili au pungufu, ambayo ni nafasi ya kete moja, na hivyo Buha nzima inakuwa nafasi sita au saba za kupita. Mtunzi hana tena mahali pa kumweka mpagazi, na anamgeuza kuwa kanuni fupi katika kijitabu, kwa mfano kwamba kikosi kilicho mbali na reli kinapungukiwa nguvu kwa kiasi fulani.

Hapa inafaa kueleza gridi, yaani mtandao wa mistari unaogawa ramani katika vyumba. Mchezo wa vita uliotungwa na Georg Heinrich von Reisswitz kwa jeshi la Prussia mwaka 1824 haukuwa na gridi. Ulichezwa juu ya ramani za 1:8,000 na mwendo ukapimwa kwa rula. Mmarekani Charles Roberts alipoanza kuuza mchezo wake wa Tactics mwaka 1954 alitumia miraba, na mwaka 1961 kampuni yake ya Avalon Hill ikahamia kwenye pembesita, ambazo ni vyumba vyenye pande sita.

Faida ya pembesita ni kwamba kutoka katikati ya chumba kimoja hadi katikati ya jirani zake wote sita umbali ni mmoja, ilhali katika miraba anayekata pembe anajipatia asilimia 41 ya mwendo wa bure. Kwa msafara unaohesabu kila kilo ya unga, asilimia 41 si jambo dogo.

Kwa uwanja wa Buha, skeli inayostahili zaidi ni 1:500,000 yenye pembesita za sentimeta mbili, ambapo kila chumba ni kilometa kumi, sawa na nusu siku ya safari au zaidi kidogo. Kibondo na Kasulu zinatengana kwa vyumba 13, Gitega na Kigoma kwa vyumba 16 au 17, na baina ya vyumba hivyo panapatikana nafasi ya bohari, mto, mteremko na kijiji ambacho hakikutaka kuuza mihogo yake.

Ramani ipi ya Buha?

Skeli ikishapatikana, huja swali la chanzo, nalo ni gumu kuliko linavyodhaniwa na watu waliozoea kufungua simu na kuona kila njia. Ramani iliyokuwa mikononi mwa majeshi ya wakati ule ni ile ya Kijerumani ya 1:300,000, iliyokamilishwa chini ya Paul Sprigade na Max Moisel na kutolewa mjini Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer kati ya 1895 na 1911, katika karatasi 29 za msingi.

Ramani hiyo haikutokana na upimaji kamili wa nchi. Ilikusanywa kutokana na safari za maofisa waliotembea na dira na saa, wakiandika mwelekeo na muda, kwa hiyo kandokando ya njia walizopita kuna majina mengi, na mahali wasipopita pameachwa peupe. Weupe huo haumaanishi kwamba hapakuwa na watu.

Ramani za 1:50,000 zilizotajwa mwanzoni zina ubora mwingine na kasoro nyingine. Zilichorwa kutokana na picha za ndege katika nusu ya pili ya karne ya 20, zina kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja, na mito yake inaaminika. Vijiji vyake, hata hivyo, si vijiji vya 1916.

Katika miaka ya 1930 utawala wa Kiingereza uliwahamisha watu wa sehemu za Buha na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, ambayo ilitangulia operesheni nyingi za vijiji vya Ujamaa nchini, na makazi yaliyokuwa yametawanyika vilimani yakasogezwa kando ya barabara. Anayenakili kijiji kutoka karatasi ya baada ya hapo na kukiweka mbele ya askari wa Olsen anawapa askari hao soko la kununulia chakula mahali ambapo palikuwa na pori.

*Anayenakili vijiji vya leo anawapa askari wa 1916 soko mahali palipokuwa na pori.*

Data za setilaiti nazo zinahitaji kupunguzwa zaidi kuliko kuongezwa. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambavyo hupatikana bure, vinafaa kwa milima na mabonde, kwa kuwa milima haikuhama. Barabara za lami, mabwawa na makambi ya wakimbizi lazima vifutwe, na Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, inaonekana katika picha za leo kama mji, naye mtunzi asiyeijua nchi anaweza kuipa alama za ushindi.

Mpaka wa sasa wa Tanzania na Burundi nao haufai kuchorwa kama mpaka wa dola. Mwaka 1916 Urundi na Buha zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Kijerumani. Ni makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliyozitenga, na Wabelgiji waliikabidhi Buha, pamoja na Kigoma na Ujiji, kwa Waingereza mwezi Machi 1921.

Kuna pia mtego wa kiufundi ambao umekwisha kuharibu ramani nyingi. Ramani za kisasa huchorwa katika kanda za nyuzi sita za longitudo, na mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 unapita katika longitudo ya 30 mashariki, kati ya mji wa Kigoma na mji wa Kasulu. Karatasi za kanda hizo mbili, zikiunganishwa bila kubadilishwa mfumo, hazikutani sawasawa, na gridi ya pembesita inayochorwa juu yake inavunjika katikati ya Buha.

Zaidi ya hayo, karatasi za zamani zilitumia datamu ya Arc 1960, yaani kipimo cha msingi cha umbo la dunia kilichochaguliwa kwa Afrika Mashariki, ilhali data za setilaiti hutumia WGS84, na tofauti baina yake nchini ni kama mita 300. Katika 1:50,000 hizo ni milimita sita, kiasi cha mto kuonekana unapanda mlima. Katika 1:500,000 ni milimita 0.6, na jicho linasamehe.

Mbele ya mashine

Mashine inayochapa ramani kubwa huitwa plota. Hutumia karatasi ya roli badala ya karatasi zilizokatwa, na upana wa roli hizo kwa kawaida ni sentimeta 61, 91.4 au 106.7. Karatasi ya A0, ambayo wachapaji wengi huitaja kama kikomo, ina sentimeta 84.1 kwa 118.9, yaani eneo la mita moja ya mraba, na ramani ya kampeni ya sentimeta 93 kwa 89 inaikosa kwa sentimeta tano. Katika roli ya 91.4, hata hivyo, inaingia na kubakiza sentimeta 2.4.

Faili yenyewe, ikitayarishwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, ambao ndio msongamano unaofaa kwa maandishi yanayosomwa kwa umbali wa mkono, ina pikseli zaidi ya milioni 115 na uzito wa megabaiti zipatazo 350 kabla ya kubanwa. Bango la ukutani lingetosheka na 150, lakini mchezaji anainama juu ya meza na kusoma majina ya vijito.

Mahali pasipo na plota, na sehemu kubwa ya miji ya wilaya iko hivyo, njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kuikata ramani katika karatasi za A4, ambazo kwa ukubwa huu ni 20, au za A3, ambazo ni 12, kisha kuzigundisha. Ya pili ni kuichapa katika turubai la plastiki linalotumika kwa mabango ya harusi, mikutano ya injili na kampeni za uchaguzi, kazi inayofanywa siku hizi katika miji mingi.

Turubai lina wafuasi wake na lina wapinzani wake. Halichaniki, halinyonyi unyevu na linavumilia chai iliyomwagika. Lakini linang'aa chini ya taa, linabaki na mikunjo, na nukta zake za wino ni kubwa, hivyo jina la kijito linageuka kuwa doa. Karatasi nzito ya gramu 160 au zaidi kwa mita ya mraba inashika mstari mwembamba vizuri zaidi, ingawa wakati wa mvua inavuta unyevu na kutanuka, na vipande 20 vilivyogundishwa kwa uangalifu mwezi Agosti vinaweza kuachana milimita mbili ifikapo Desemba.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote halihusu karatasi wala wino. Programu nyingi za kuchapa zenyewe hupunguza picha ili iingie katika ukurasa, na mhudumu wa stesheneri, akiona onyo kwamba kingo zitakatwa, hukubali kwa nia njema kabisa. Ramani inatoka safi, imepungua asilimia nne au tano, na maandishi ya 1:500,000 yaliyo pembeni yamekuwa uongo.

Kinga yake ni skeli ya mstari, yaani kipande cha mstari kilichochorwa ndani ya ramani na kuandikwa kilometa zake, kwa sababu mstari hupungua pamoja na ramani na hivyo hubaki kweli. Mstari wa kilometa 50 unapaswa kuwa na sentimeta kumi kamili katika kazi hii. Ukipimwa kwa rula kwenye karatasi ya kwanza ya majaribio na kukutwa na 9.6, kazi yote isimamishwe kabla ya karatasi ya pili.

Ubishi wa majina na wa kete

Majina yamegawa watunzi. Wapo wanaotaka ramani ya mchezo ibakize tahajia ya Kijerumani na Kibelgiji, Udjidji, Kitega na Uha, kwa hoja kwamba ndiyo iliyokuwa katika amri za maofisa. Wengine wanaona kwamba watu waliokuwa wakiishi humo walizijua nchi zao kama Heru, Muhambwe na Buyungu, tawala zilizokuwa kila moja na Mwami, yaani mtawala, wake, na kwamba utekelezaji wa amri za maofisa ulitegemea watu hao kukubali au kukataa kutoa wapagazi na chakula.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na hata kiuchezaji inaleta faida, kwa kuwa mipaka ya tawala hizo inampa mtunzi kipimo cha pale ambapo makubaliano ya chakula yanaanza na kukoma. Muhambwe na Buyungu, isitoshe, yangali majina ya majimbo ya uchaguzi ya Kibondo na Kakonko, na msomaji wa Kigoma anayakuta mezani bila kuhitaji mkalimani.

Ubishi mkubwa zaidi unahusu kama inafaa hata kidogo kuchezea vita vilivyowaua watu ambao wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Wanaopinga wanasema kuwa kete hupunguza kifo kuwa kadibodi. Wanaounga mkono wanajibu kuwa vitabu vingi vya vita hivyo vimekwisha kuwapunguza wapagazi kuwa tanbihi, na mchezaji aliyelazimika kuamua ni misafara mingapi irudi mikono mitupu amejifunza jambo ambalo tanbihi haimfunzi. Jibu hilo linakubalika kwa sharti moja, kwamba wapagazi wawe na kete zao wenyewe, na vifo vyao vihesabiwe katika matokeo kama vinavyohesabiwa vya askari.

Sharti hilo linaurudisha mjadala kwenye karatasi. Ikiwa kila kete inasimamia wapagazi 1,000, kampeni nzima ina kete 260 za wapagazi peke yake kabla ya kuwekwa askari hata mmoja, na hata wakigawanywa kwa awamu wanahitaji vyumba vya kusimama na jedwali pembeni la kuonyesha waliopo, walioumwa, waliotoroka na waliokufa. Kwa ramani ya 1:1,000,000 jambo hilo haliwezekani. Kwa ile ya 1:500,000 linawezekana kwa urahisi, kwa sababu upana wa roli ndio wenye kikomo ilhali urefu wake hauna: ramani inalazwa ili sentimeta 89 zichukue upana wa roli ya 91.4, sentimeta 93 zifuate urefu, kisha zinaongezwa sentimeta 25 upande wa mashariki, baada ya Tabora, kwa ajili ya jedwali la wapagazi. Karatasi yote inakuwa na sentimeta 118, na kwa kuwa kazi za roli kwa kawaida hutozwa kwa mita, nyongeza ya gharama ni robo ya mita.